Nani amehamisha ziwa? Maswali yenu kuhusu picha na namba za pembeni

Mwezi huu barua tatu zimekuja na ugonjwa mmoja: picha inatoka safi kwenye skrini lakini namba za pembeni zinasema uongo. Nimezijibu zote hapa, ya kwanza ndio ndefu, nyingine zinaegemea hiyo, kwa hiyo usiruke.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa jiografia, nakaa Bweyogerere. Nimeshusha lile faili la miinuko ya ardhi, N00E032, nichore ramani ya Kampala na upande wa Ziwa Victoria kwa Python. Picha ilitoka vizuri tu, lakini namba za chini zilikuwa 0 mpaka 1200, na za kusimama zilihesabu kwenda chini, wakati mimi nataka longitudo na latitudo. Rafiki yangu wa hosteli akasema weka origin='lower', nikaweka, namba zikaanza kupanda juu, nikafurahi. Halafu lebo nikaziandika mwenyewe kwa mkono, 32, 32.2, 32.4 hivyo hivyo mpaka 33. Sasa nikiweka nukta ya Kampala inakimbilia kona ya chini kushoto, na banange, ziwa limekaa juu! Supavaiza anataka kazi Ijumaa. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu pole, lakini pia nimecheka, maana hilo ziwa nimeshalihamisha mimi kabla yako. Kuna wakati niliitwa kuonyesha mabonde na mito kwenye kikao cha kijiji kimoja kaskazini mwa Kampala, nikachapisha karatasi kubwa ya rangi, gharama yangu mwenyewe, nikaibandika ukutani nikaanza kueleza kwa madaha, kumbe kuna mzee kule nyuma anaiangalia tu kwa kichwa upande. Akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, ziwa limehamia Luwero lini?" Watu walicheka mpaka chai ikaletwa. Na kilichoniuma ni kwamba namba zangu za pembeni zilikuwa sahihi kabisa, 0 iko chini, 1 iko juu, 32 kushoto, 33 kulia. Picha yenyewe ndio ilikuwa imesimama kichwa chini miguu juu.

Sasa tuanze hapo. Hiyo picha haijui iko Uganda. Kwa kompyuta hilo faili ni jedwali tu la namba, mistari 1201 na safu 1201, basi. Usipoiambia kitu itahesabu pikseli, yaani vijinukta vya picha, na Matplotlib, ile zana ya Python ya kuchorea, inaweka katikati ya pikseli ya kwanza kwenye 0, ndio maana ukikuza sana pale ukingoni utaona mhimili unaanzia -0.5 na kuishia 1200.5. Na kwa sababu picha husomwa kama barua, mstari wa kwanza juu, namba za kusimama zinahesabu kushuka. Hapo kompyuta haijakosea chochote, ni sisi hatujaiambia mahali.

Mahali penyewe pameandikwa kwenye jina la faili. Hizo data zilipimwa kwa rada na chombo cha anga Endeavour Februari 2000, siku 11 tu kikizunguka dunia, halafu wakazikata vipande vya digrii moja kwa moja, na kila kipande kikapewa jina la kona yake ya kusini magharibi. N00E032 maana yake kipande kinaanzia ikweta kwenda juu mpaka latitudo 1, na kinaanzia longitudo 32 kwenda mashariki mpaka 33. Mstari wa kwanza wa faili ni wa kaskazini kabisa, ule wa latitudo 1. Mstari wa mwisho ni ikweta yenyewe, ile ile ya Kayabwe kwenye barabara ya Masaka wanapowaonyesha watalii maji yakizunguka kwenye beseni. Kwa hiyo hata bila kompyuta unajua ramani yako inatakiwa iweje: Kayabwe iko pale kona ya chini kushoto, Entebbe iko chini, Luwero iko juu, ziwa liko chini. Chochote kikienda kinyume, simama.

Sasa tuangalie makosa yako. La kwanza ni hilo la origin='lower', ambalo watu wanapeana kama dawa ya kikohozi bila kuuliza mgonjwa anaumwa nini. Hilo neno linachukua mstari wa kwanza wa faili na kuupeleka chini. Wa kwanza kwako ni wa kaskazini, umeupeleka kusini, ziwa likapanda. Si kwamba hilo neno ni baya! Faili likiwa limeanzia kusini, na kwenye data za mvua na joto utayakuta mengi ya hivyo, basi hapo ndipo linapotakiwa. Faili la aina hiyo kwa kawaida linakuja na orodha yake ya latitudo, iulize tu ya kwanza na ya mwisho, print(lat[0], lat[-1]), kama ya kwanza ni ndogo weka 'lower', kama ya kwanza ni kubwa achana nayo.

La pili ni kuandika lebo kwa mkono. Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu hata watu wenye shahada kubwa wanafanya. Ni kama uchukue kibao cha Entebbe ukiweke kwenye taxi ya Jinja, kibao kinasomeka Entebbe, dereva ni yule yule, na abiria watashukia Jinja. Ulibadilisha maandishi, lakini mhimili wenyewe bado unahesabu pikseli 0 mpaka 1200. Ndio maana ulipoiambia iweke nukta kwenye 32.58 na 0.35 ilikwenda pikseli ya 32 na kitu, karibu na sifuri, yaani konani. Ilikutii kabisa! Na ukikuza picha lebo za mkono zinabaki pale pale au zinaparaganyika, kutegemea ulivyoziandika.

Dawa ni neno moja, extent, unaiambia kingo za picha ziko wapi kwa mpangilio huu: kushoto, kulia, chini, juu. Watu wengi wanachanganya hapo kwa kudhani inaanza na kona, hapana, ni longitudo mbili kwanza halafu latitudo mbili (Z ni lile jedwali la faili):

plt.imshow(Z, extent=[32, 33, 0, 1], vmin=1100)
plt.plot(32.58, 0.35, 'r.')

Futa origin='lower', futa lebo zako zote za mkono, endesha. Nukta inakaa Kampala, ziwa linarudi kwao. Hiyo vmin=1100, yaani rangi zianzie mita 1100, nimeiweka kwa sababu kwenye data hizi penye pengo pameandikwa -32768, na pengo moja tu likiwemo rangi zote zinavutwa huko chini, nchi nzima inaonekana rangi moja kama ukuta uliopakwa chokaa.

Lakini nirudie kwa sababu ndio kidonda changu: extent haigeuzi picha juu chini kulingana na ukweli wa ardhi, yenyewe inaamini ulichoiambia. Ukiweka extent sahihi pamoja na origin='lower' kwenye faili hili, namba zitakuwa nzuri na ziwa litakuwa Luwero, na hakuna onyo litakalotoka. Kwa hiyo mimi siku hizi siamini ramani yoyote kabla sijaiuliza namba. Kampala iko latitudo 0.35, longitudo 32.58. Kutoka juu ni 1 kutoa 0.35, mara 1200, unapata mstari wa 780. Kutoka kushoto ni 0.58 mara 1200, safu ya 696. Andika Z[780, 696], na kumbuka mstari ndio unatangulia halafu safu, yaani latitudo kwanza, kinyume na plot inayotaka longitudo kwanza, hapo pamezika wengi. Kisha chagua pikseli yoyote katikati ya ziwa. Ziwani unatakiwa uone namba ya karibu na mita 1,134 na mjini uone zaidi ya hapo. Ukipata ziwa liko juu kuliko mji, kuna kitu umegeuza.

Kwa vile picha yako ilitoka vizuri, nina hakika faili ulilisoma na '>i2', yaani kila namba ina baiti mbili, na hiyo alama ya mshale ndio inasema baiti kubwa inatangulia. Wasioiweka hupata chenga tupu kama televisheni isiyo na antena, maana mita 1,134 ikisomwa kinyume inakuwa 28,164, ziwa refu kuliko Everest mara tatu!

Kitu cha mwisho kwako, supavaiza hatakiona ila ukijue. Namba ni 1201 lakini digrii imegawanywa mara 1200. Fikiria nguzo za ua, nguzo ni moja zaidi ya nafasi. Kwa hiyo nguzo ya kwanza imesimama juu ya 32 kamili na ya mwisho juu ya 33 kamili, hivyo ukingo wa picha unavuka nje kidogo, nusu pikseli kila upande. Nusu pikseli hapa ni 1/2400 ya digrii, kama mita 46 ardhini. Ukitaka kuwa mkweli kabisa weka h = 1/2400 halafu extent=[32-h, 33+h, 0-h, 1+h]. Kwa ramani ya ziwa zima hiyo ni anasa, kwa mtu anayetafuta kisima kiko upande gani wa mfereji siyo anasa.

Na sisi wa ikweta tuna bahati moja, digrii ya longitudo na ya latitudo zinakaribia kulingana, zote kama kilomita 111, kwa hiyo umbo la picha halikudanganyi. Wenzetu wa London longitudo yao imebanwa mpaka kama asilimia 62 ya latitudo, wasiporekebisha mji unatoka mnene.

SWALI: Bwana Fundi, mimi ni mwalimu, Arua. Tunatumia Octave, programu ya hesabu, kwa sababu ni ya bure na inaelewa karibu kila kitu cha MATLAB. Mji wetu uko latitudo 3.02, yaani umekaa juu kidogo tu ya mpaka wa vipande, kwa hiyo nimeunganisha N03E030 na N02E030. Kwanza picha ilitoka imelala, hiyo nimeitatua kwa kugeuza mwenyewe sijui kwa nini ikakubali. Lakini mwalimu mwenzangu anatumia Python, tumeweka namba zile zile, 30, 31, 2 na 4, na tukikuza barabara zetu hazilingani, zimepishana kidogo sana. Nani kakosea?

JIBU: Mwalimu, hakuna aliyekosea kuandika, programu zenu ndio hazijakubaliana maana ya "30". Matplotlib ukiiambia 30 inaelewa ukingo wa nje wa pikseli ya kwanza. Octave na MATLAB ukiziambia 30 kwenye imagesc, amri yao ya kuonyesha picha, zinaelewa katikati ya pikseli ya kwanza. Tofauti ni ile nusu pikseli niliyomwambia kijana wa Bweyogerere, mita 46 pale ukingoni. John Hunter, mtu wa utafiti wa ubongo, alitoa Matplotlib mwaka 2003 akiifanya ifanane na MATLAB aliyoizoea, ndio maana mambo mengi yanafanana hadi unasahau, kumbe kwenye jambo hili waliachana njia. Kwa faili hili la nguzo 1201, Octave yako iko sahihi bila kufanya kitu, mwenzako ndiye aongeze zile nusu.

Picha ililala kwa sababu fread, amri ya Octave ya kusoma faili, inajaza jedwali safu kwa safu, kushuka, wakati faili limeandikwa mstari kwa mstari. Kwa hiyo lazima ugeuze, ndio kazi ya kile kialama kidogo (') mwishoni:

fid = fopen('N03E030.hgt', 'r', 'ieee-be');
A = fread(fid, [1201 1201], 'int16')';

Kile kialama kinapotea kwenye fotokopi, waambie wanafunzi wakiandike kwa kalamu nyekundu.

Kuunganisha nako kuna mtego. Mstari wa mwisho wa kipande cha juu na mstari wa kwanza wa kipande cha chini ni mstari ule ule, latitudo 3 yenyewe, wamepimiwa mara moja wakaandikwa mara mbili. Ukivibandika vizima vizima unapata mistari 2402, mmoja ni pacha, na Octave itawagawia wote nafasi sawa kati ya 4 na 2, hapo karibu na mshono kila kitu kinasogea kama nusu pikseli. Na mji wenu uko karibu kabisa na mshono! Toa pacha mmoja (B ni N02E030, isome vile vile kama A):

Z = [A; B(2:end, :)];
imagesc([30 31], [4 2], Z), axis xy, axis image

Ibaki 2401. Naandika 4 kabla ya 2 kwa sababu mstari wa kwanza ni wa kaskazini. Bila axis xy, imagesc inapindua mhimili wa kusimama, namba zinashuka, na kaskazini yenu inajikuta chini. Halafu jaribuni Z(1177, 1093), hapo ndipo Arua. Nimefanya 4 kutoa 3.02 mara 1200, ikaja 1176, nikaongeza moja kwa sababu Octave inaanza kuhesabu kwa 1 wakati Python inaanza kwa 0, na hiyo moja peke yake ni pikseli nzima, mita 90 na kitu, kubwa kuliko kosa mlilokuwa mnagombania.

Wanafunzi wakikuuliza jina Octave limetoka kwenye muziki, waambie hapana. John W. Eaton alianza kuiandika mwaka 1992 na akaipa jina la mwalimu wake wa zamani wa uhandisi wa kemikali, Octave Levenspiel. Walimu pia tunakumbukwa mara moja moja.

SWALI: Fundi, mimi ni mama mkulima Mbale, nina kahawa arabika kidogo mlimani. Kijana wangu anapiga picha majani yenye kutu kwa simu, anapima madoa kwa Python, anataka mhimili usome milimita siyo pikseli. Hakuna latitudo hapo, jani ni jani. Mpaka sasa anazidisha kwa kalkuleta kila doa.

JIBU: Mama, mwambie aweke kalkuleta chini. Alaze rula kando ya jani, juu ya meza, apige picha simu ikiwa imetazama chini moja kwa moja, siyo mshazari, maana ukipiga mshazari milimita za mbali zinakuwa fupi kuliko za karibu na hapo hakuna hesabu ya mhimili itakayomsaidia. Kisha aonyeshe picha kama ilivyo, na pikseli zake, aangalie alama ya 0 ya rula iko pikseli gani na ya milimita 100 iko gani. Tuseme zimepishana pikseli 1,840. Basi milimita moja ni pikseli 18.4. Picha yake ikiwa na pikseli 4000 kwa 3000, upana ni kama milimita 217.4 na urefu 163:

plt.imshow(picha, extent=[0, 217.4, 0, 163])

Baada ya hapo kila doa atalisoma kwa milimita hapo hapo kwenye mhimili. Hapa ukingo ndio tunautaka, hakuna nguzo za ua, kwa hiyo zile nusu pikseli asihangaike nazo. Akisogeza simu juu au chini kwa picha nyingine, 18.4 imekufa, apime rula upya. Mimi ningemwambia rula ikae kwenye kila picha, hata kama inachafua.

Na kama picha iliyopigwa simu ikiwa wima inatoka imelala kwenye kompyuta, asidhani kakosea mhimili. Simu nyingi hazigeuzi picha, zinaandika tu ndani ya faili "hii igeuzwe", na programu ya kuangalia picha inatii lakini plt.imread haitii. Aigeuze kwanza, np.rot90(picha, -1) ikiwa imelalia kushoto, halafu ndio aandike extent, na upana na urefu abadilishane: 163 iende chini, 217.4 isimame.